Shingo Nyuma ya Rido

Kasaji, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwa Mwana Mukwe wangu Stanislas,

Salamu mingi toka Kasaji. Mi niko, mvua inanyesha, mihindi imesimama muzuri. Na kule Kolwezi, Adolphine na batoto bako na afya? Kikohozi ya kale katoto kadogo ilipona?

Usishituke kuona maandiko yangu. Najua Adolphine, bibi yako, anataka nikupigie simu. Hapana. Mi ni mama mukwe wako, sauti yangu haiwezi kuingia mu masikio yako hivi hivi, sawa ya mutu wa kuuzisha mafuta ku soko. Lakini barua haina uso, kwa hiyo naona inaruhusiwa.

Ni shingo. Ni mwaka wa pili sasa. Miaka makumi tatu na nane nilifundisha, nimeinama juu ya makaye ya batoto nikisahihisha, kisha beseni ya muhogo ku kichwa. Mutu akinisalimia njiani, nageuka mwili muzima sawa mulango. Adolphine anasema wewe ku hospitali unaponya shingo za batu kwa mazoezi tu. Zamani nilicheka kazi yako, unajua. Nilimwambia marehemu bwana yangu, huyu kijana amesoma miaka yote hiyo kusudi akande batu. Leo nakuuliza kwa heshima.

Muteba wa treni, mwenye alikuletea barua hii, ataniletea jibu.

Mama Mukwe wako,
Mushiya

Kolwezi, tarehe 17 mwezi wa pili 2024

Mama Mukwe,

Barua yako niliipokea kwa mikono mbili na niliisoma nimesimama. Adolphine alinicheka sana. Huku tuko wazima, kikohozi ilikwisha. Na wewe, ukiacha shingo, usingizi iko? Chakula inapita?

Mazoezi njo haya. Nimechora mutu. Si wewe, ni mutu tu, nimemuwekea ndevu kusudi heshima ibakie. Kwanza, vuta kidevu nyuma, macho yabakie mbele, hesabu tano. Kisha weka kiganja ku paji ya uso, usukume, kichwa kikatae kwenda. Mwisho, mabega yatafutane kule nyuma ku mugongo. Kila moja mara kumi, siku tatu kwa juma, majuma kumi na mbili, polepole. Ikiuma kidogo, endelea. Beseni, uachie bengine.

Mugonjwa mwengine ningemuuliza bintu mingi: mikono, miguu, namna anatembea, hata choo. Wewe siwezi kukuuliza. Kama kuko kitu, mwambie Adolphine, yeye ataniambia.

Mwana Mukwe wako,
Stanislas

Kasaji, tarehe 28 mwezi wa ine 2024

Mwana Mukwe,

Habari ya Kolwezi, habari ya kazi, habari ya batoto? Huku tunashukuru.

Barua yako nimeisahihisha na kalamu nyekundu, nakurudishia. Umepata kumi na mbili ku makumi mbili. Mutu wa ndevu nimemubandika karibu na kitanda. Siku tatu kwa juma ni kazi ya bavivu, mi nafanya kila siku, na nahesabu kwa sauti. Shingo imepungua kidogo, ao ni mimi nataka ipungue.

Hakuna habari ingine. Bikombe bili bimepasuka juma hili, paka yangu haina haya.

Utakuja mwezi wa saba kumaliza matanga ya baba mukwe wako. Nitakuwa nyuma ya rido, ile pazia ya mulango, tutasemezana vile inafaa.

Mama Mukwe wako,
Mushiya

Kolwezi, tarehe 15 mwezi wa saba 2024

Mama Mukwe,

Tulifika salama, batoto balilala njia yote. Wewe uliamkaje kisha wageni kurudi? Aksanti kwa kuku, na kwa namna ulitupokea.

Nafurahi nilisikia mazoezi yako. Nilikaa inje ku kiti, wewe ndani, na ulihesabu moja mpaka tano na sauti ya darasa. Nilisema "muzuri sana, Mama", na nilikuwa naangalia kuku. Upepo ulipoinua rido, nilifunga macho. Shangazi Kanku, mwenye alikaa karibu na mimi, aliona, akanisifu mbele ya batu.

Kitu kimoja. Mu barua yako ya mwezi wa ine mistari ilikuwa inashuka. Nimefikiri ni macho. Muteba anakuletea miwani.

Mwana Mukwe wako,
Stanislas

Kasaji, tarehe 29 mwezi wa kenda 2024

Mwana Mukwe,

Salamu kwako na kwa batoto. Leo sitasema habari ya mvua.

Miwani ni muzuri lakini haikusaidia. Adolphine alifika jana. Alinikuta nafunga bifungo bya blauzi, nimeshindwa. Alifunga yeye, vile nilikuwa namufungia akienda shule.

Basi nitasema yote. Bikombe, paka haikubivunja. Mukono wa kuume unalala tangu mwezi wa tatu. Miguu inakokota. Juma ya Mungu nilianguka ku mulango wa kanisa, nikasema ni jiwe. Mama mukwe anaanzaje kumwambia mwana mukwe habari ya miguu yake? Nilisikia haya, nikanyamaza, hata Adolphine sikumwambia, juu angekwambia.

Na mazoezi. Adolphine aliangalia mutu wa ndevu, kisha akaniangalia mimi. Anasema nainua kidevu juu, sikivuti nyuma. Miezi saba, kila siku. Na wewe ulisema muzuri sana.

Mama Mukwe wako,
Mushiya

Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa kumi 2024

Mama,

Mbele ya salamu, naomba musamaha.

Usifanye tena zoezi hata moja. Mukono wa kulala na miguu ya kukokota si maumivu ya shingo tu. Ni uti ndani ya shingo, unabanwa. Kidevu chako hakikuleta hiyo, usijihukumu. Kibaya ni miezi yenye ilipita.

Nimepanga barua zako tatu ku meza. Ya mwezi wa pili, mistari imesimama. Ya mwezi wa ine, inashuka. Hii ya leo, herufi zinaangukiana. Mu mwezi wa ine niliona, Mama. Mugonjwa mwengine ningemuita siku ile ile, ningeshika mukono wake, ningemutembeza mbele yangu. Wewe nilikutumia miwani. Banafunzi ba kazi yetu ku hospitali nabafundisha waangalie kwanza, waseme mwisho, na kwako nilisema tu.

Panda treni na Adolphine muende Lubumbashi, kuko munganga wa kupasua, nimemwandikia, anakungojea. Treni ikipita hapa, nitakuwa ku gare. Nitasimama mbali, kama unataka.

Mwana Mukwe wako,
Stanislas

Lubumbashi, tarehe 19 mwezi wa kwanza 2025

Mwana Mukwe,

Adolphine njo anaandika, mi nasema. Tunakusalimia wewe na batoto. Wanakula muzuri bila mama yao?

Balinipasua, unajua. Shingo haiumi tena sana, natembea na fimbo. Mukono, munganga amesema kile kilipotea pengine hakitarudi. Alisema polepole, na adabu. Nilimuuliza kama ningekuja mwezi wa ine ingekuwaje. Akaanza kunionyesha namna ya kushika fimbo.

Ku gare ya Kolwezi nilikuona. Ulisimama nyuma ya nguzo, umegeuza uso, na mi nimejifunika kitenge. Batu bale baliona heshima. Mi niliona ujinga, na ni mi nilikufundisha. Siku ya mahari uliniangalia kidogo tu, nikakugombeza mbele ya jamaa yote. Unakumbuka? Nilifurahi vile uliogopa. Hiyo furaha inanisumbua kuliko shingo.

Sasa bamenipa mazoezi mapya. Kine wa hapa, mwenye kazi sawa yako, ana bagonjwa bengi, ananiangalia mara moja, anaenda. Sijui kama kidevu kinaenda nyuma ao juu.

Bukwe, hii sheria ya bakwe kutoangaliana, inafunguliwa na mbuzi, na ni mwana mukwe njo analeta. Wewe usilete. Mi njo nilifunga, mi njo nitatoa. Nimetuma neno kwa Muteba, atashusha mbuzi yangu Kolwezi, uipokee mbele ya jamaa.

Mustari wa chini nimeandika mi mwenyewe, na mukono wa kuume. Uji umepoa nikiuandika. Adolphine alitaka kunishikia kalamu, nikakataa.

Kuja uniangalie.

Mama