Kipimo cha Wanaume

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi ngazi za nyumbani zimenishinda; nikifika juu nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Ultrasaundi ilionyesha vali ya moyo imebana, lakini vipimo vyake vikapingana: kimoja kinasema sana, kingine kinasema kiasi. Ndipo nikapelekwa CT skani, wahesabu chokaa iliyoganda kwenye vali. Wamepata 1,640. Daktari hata macho hakuinua. "Haijafika elfu mbili, mama. Bado. Rudi mwakani." Wewe ndiye unayepiga picha hizo huko, hebu niambie.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku salama, watoto wanakusalimu sana. Barua yako nimeisomea kantini, na hapohapo nakujibu. Elfu mbili ni ya wanaume! Vali ya mwanamke hubana kwa chokaa kidogo kuliko yao. Kwetu sisi wanawake, ukifika elfu moja na mia mbili, yaelekea imebana vibaya. Si siri, hapa kazini tumelibandika ukutani. Wewe umeshapita, halafu unaambiwa mwakani! Kichefuchefu kitupu. Rudi kwake kesho, wala usione haya. Akileta maneno, dai daktari mwingine.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Najua nimekuweka roho juu kwa kimya changu, nilikuwa nazungushwa. Daktari alisoma majibu upya, akakohoa kidogo, akasema, "Aa, kumbe ni mwanamke." Kumbe! Mtu nimekaa mbele yake na gauni langu! Radhi hakuomba. Kesho kutwa nawekewa vali mpya, na shemeji yako hali wala halali.

Kila anayekuja kunitazama ananiambia nishukuru. Shukrani sina, nina kinyaa. Jana nilipolazwa nilimuulizia mama mmoja muuza mitumba, tulipigwa picha siku moja. Chokaa yake ilikuwa 1,800, naye akaambiwa bado. Nesi akaniambia wamemzika wiki iliyopita.

Yeye hakuwa na mdogo wake wa kumwandikia.

Dada yako