Chumba cha Kulwa

Musoma, 3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na hiyo presha. Mvua imenyesha huko Bugwema?

Mama, nyumba ya Mukendo tumeshaibomoa. Usilie. Siku hizi kila nesi na kila mwalimu anataka chumba karibu na mjini, na ziwa alione. Nitajenga ghorofa tatu, na msingi bado haujachimbwa wameshaanza kugombania. Nilienda Bunda kumtafuta Kulwa, kwa shangazi ulikosema amesafiri, maana kiwanja cha baba ni chetu sote. Nikimtaja, wananiangalia tu. Basi pacha wangu nimemtengea chumba cha chini, lilipokuwa jiko lako. Akirudi atakikuta.

Mwanao,
Doto

Bugwema, 10 Machi

Doto mwanangu,

Marahaba. Presha ipo, nimeizoea. Pale jikoni usijenge. Usichimbe hata shimo la choo. Panda maua, funga kamba ya nguo, basi. Usiniulize kwa nini.

Mama yako

Musoma, 22 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ilichelewa, ikakuta zege limeshamwagwa, na kiwanja cha huku mtu hakiachii maua. Vyumba vimejaa vyote isipokuwa kile. Kulwa hakutokea, nikampa nesi Diana, akahamia juu wiki ileile. Waliomfuata nao wakatoka. Wanasema mtoto analia chini ya sakafu. Niliwacheka, kisha nikalala humo mwenyewe. Mama, analia kweli. Kuna nini pale?

Doto

Bugwema, 24 Septemba

Mwanangu,

Kulwa hakwenda Bunda. Alifariki hamjaota meno. Kwetu pacha aliyebaki haambiwi mwenzake amekufa, anaambiwa amesafiri, asije akamfuata. Alikuwaga na baridi sana yule mtoto, ndiyo maana tulipomzika tulimlaza jikoni, karibu na moto. Nimekuficha maisha yako yote kwa woga, na leo nimekuambia. Naogopa, Doto. Toka humo.

Mama yako

Musoma, 1 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sina hasira na wewe. Nimehamia chumba cha chini. Vigae hivi vina baridi, na mimi ndiye niliyemwekea. Sasa nawasha jiko la mkaa kila ninapokwenda kulala, nafunga madirisha ili joto lisitoke. Ametulia kabisa. Usiwe na wasiwasi.

Doto

Bugwema, 3 Oktoba

Doto, zima hilo jiko! Fungua madirisha! Simu yako inaita tu. Barua hii nampa dereva wa gari la asubuhi. Nijibu, baba, nijibu leo.

Mama

Musoma, 9 Novemba

Wanangu,

Barua yangu Diana aliikuta chini ya mlango, walipouvunja. Ilikuwa haijafunguliwa.

Nimehamia Mukendo. Watu wanakuja kila siku kuuliza kile chumba, nawaambia kina wenyewe. Mkaa siwashi, nimetandika blanketi mbili sakafuni. Hakuna anayelia, na kimya hicho ndicho kinanimaliza.

Wakiuliza Doto yuko wapi, nawaambia amesafiri. Yuko Bunda, kwa ndugu yake.

Mama yenu