Mjomba, Nimeunga Ule Waya wa Difu

Kamwene, Mjomba.

Sijui kama huko uliko watu wanaitikia salamu, lakini nisingeweza kuanza kusema na wewe bila kukusalimia. Ungenirudisha mlangoni nianze upya.

Nakuandikia nikiwa gereji, hapa Makambako. Mvua imewafukuza wateja, nimebaki na harufu ya dizeli na baridi. Ni mwaka sasa tangu uanguke nje ya kanisa kule Kifanya, ibada imetoka, watu bado wanapeana mikono. Presha, walisema. Mimi nilikuwa huku nimefungua injini ya mtu, na mimi na wewe tulikuwa hatujasemezana wiki nzima na zaidi. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Nimelibeba mwaka mzima.

Nianze na siku ya kukuzika. Tulikutoa mochwari ya Njombe mjini kwa pikapu yako mwenyewe, mdogo wako Anania akiendesha. Kwenye ule mlima wa udongo mwekundu, kabla ya kufika nyumbani, gari likagoma. Tairi moja ya nyuma ilizunguka bure kwenye tope, mwenzake imesimama tu. Anania akabonyeza swichi ya loki kwenye dashibodi, ili tairi zote mbili zivute pamoja. Kimya. Akabonyeza tena na tena. Mwishowe wanaume wa usharika wakakuteremsha, wakakubeba mabegani wakiteleza, kwaya inaimba huku inahema. Mkeo, Mama Yusta, alikwenda nyuma yao peku, viatu mkononi.

Mimi nilibaki na gari. Nilijilaza chini yake na vitenge vyangu vya msiba, nikamulika kwa simu. Ile mota ndogo inayofunga difu, gia ya kati ya tairi za nyuma, ilikuwa nzima. Waya wake ndio uliokuwa umekatwa. Haukuoza, wala haukuliwa na panya. Ulikatwa kwa plaizi, na ncha zote mbili zilizungushiwa utepe mweusi kwa unadhifu, mkunjo wa mwisho umebanwa kwa kidole gumba. Mkono wako naujua, Mjomba. Nilikaa pale topeni nikilia kwa hasira. Mtu gani anakata kitu kizima kwenye gari lake mwenyewe?

Miaka tisa umenifundisha kazi, na difu ndiyo uliyonifundisha kwa uchungu kuliko vyote. Unakumbuka? Nilikuwa sielewi mchoro. Ukamwita Mama Yusta, ambaye alikuwa ametuletea viazi, ukatuambia tushikane mikono tulizunguke pipa la oili, yeye upande wa ndani, mimi wa nje. "Nani anatembea zaidi?" ukauliza. Mimi, maana nilikuwa karibu kukimbia. "Basi difu ndiyo hiyo. Kwenye kona inamwacha kila mmoja aende mwendo wake." Kisha ukafunga mguu wangu na wake kwa mpira. "Sasa mmepigwa loki. Zungukeni." Tukaanguka wote wawili, Mama Yusta akacheka mpaka akashindwa kunyanyuka. "Kwenye tope mtasaidiana," ukasema. "Kwenye lami mtauana." Sisi tulicheka. Leo ndiyo nakumbuka kwamba wewe hukucheka.

Halafu ile siku yetu ya mwisho. Alikuja yule dereva wa maparachichi, akataka tumbadilishie loki yake. Loki ya kiwandani inakubali ukiwa kwenye gia nzito ya fowili tu, tairi zote nne zikivuta, unatambaa. Milima yetu ikilowa, ukitambaa umekwama, unahitaji kuipanda na kasi kidogo. Alitaka swichi ya pembeni, aifunge difu akiwa kwenye gia yoyote. Kazi ya waya mbili na rilei. Ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukamjibu kama ulivyowajibu wote waliomtangulia: "Peleka kwingine."

Nami nikasema, mbele yake na mbele ya mafundi wa jirani: "Mjomba, unaogopa swichi kama mtoto anavyoogopa sindano. Kama kazi imekushinda, sema."

Uliweka spana chini. Ukanawa kwa dizeli, ukanawa tena kwa sabuni, polepole, mpaka kwenye viwiko. Ukaondoka kwenda Kifanya. Sikukufuata. Nilidhani utarudi Jumatatu.

Tulipomaliza matanga nilimuuliza Mama Yusta kuhusu ule waya. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Nenda Njombe, mtaa wa Ramadhani, umwulizie Lameki fundi redio. Mwambie nimekutuma mimi."

Nikaenda. Nilimkuta mtu mzima, mpole, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta. Mguu wake wa kulia unaishia gotini. Nilipolitaja jina lako aliweka kando chuma chake cha kulehemu, akaniambia niketi.

Alinieleza yote, Mjomba. Kwamba zamani, kabla sijaja kwako, yeye alikuwa akibeba mbao kwa pikapu kutoka mashambani. Kwamba wewe ndiye uliyemfungia swichi ya pembeni, ya kwanza na ya pekee, na mlisherehekea kwa soda siku ilipopanda mlima uliomshinda kila mtu. Kwamba siku moja ya mvua alitoka porini na mzigo, akaingia lami, akasahau kuifungua loki. Kwenye kona ya mteremko akakata usukani, gari likakataa. Likaenda moja kwa moja mpaka korongoni, na mbao zikamlalia mguu.

"Nilisahau mimi," akaniambia. "Swichi ilifanya kazi yake. Nilimwambia mjomba wako hivyo hospitali, nikamwambia nyumbani, nikamwambia hata kanisani. Alikuwa akija kila Jumamosi, ananikalia hapo ulipokaa, hasikii. Siku aliyoniambia amekata waya hata wa gari lake, nilimkasirikia. Nikamwambia, sasa umenipunguzia nini?"

Kila Jumamosi. Nasi gereji tulidhani unakwenda Njombe kufuata spea.

Nilitaka kuinuka niondoke, nilikuwa naona aibu kukaa kwenye kiti chako. Lameki akanizuia. Akasema, "Ifunge hiyo swichi kwenye pikapu yake, binti. Watu wa Kifanya wana wagonjwa, wana mazao, na mlima uko palepale. Ila itengeneze kwa ajili ya mtu msahaulifu. Usiitengeneze kwa ajili ya fundi." Nimeifikiria kauli hiyo kuliko mahubiri yoyote.

Basi nimeifanya, Mjomba. Usinikunjie uso mpaka umalize kusoma. Niliunga ule waya wako, nikaulehemu na kuufunika vizuri. Nikaweka swichi yenye kifuniko, ili mtu asiiguse kwa bahati mbaya. Nikaipitishia rilei, ili gari likizimwa loki ijifungue yenyewe. Halafu nikachukua king'ora cha lori, kile kinacholia gari likirudi nyuma, nikakifunga ndani, juu ya kichwa cha dereva. Difu ikifungwa tu, kinaanza kupiga kelele, wala hakinyamazi mpaka uifungue. Mara ya kwanza kilipolia nilijigonga kichwa kwenye mlango.

Tulikwenda kuijaribu mimi na Lameki, yeye siti ya abiria, gongo mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Pikapu ilipanda ule mlima mwekundu, safari hii kutokea upande wa nyumbani, tairi zote mbili zikivuta pamoja, nyuma yetu maparachichi ya Mama Yusta. Sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilikuwa natazama mikono ya Lameki. Alikuwa ameshika dashibodi kwa nguvu hadi vidole vimepauka.

Tulipofika lami sikuifungua. Nilikusudia. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, king'ora kinatupasua masikio, wanawake wenye mizigo wanasimama kutushangaa. Lameki alivumilia kidogo, kisha akapiga kelele, "Ifungue, binti, ifungue!" na mkono wake ukafika kwenye swichi kabla ya wangu. Kimya kikashuka. Akaegemea siti, akafumba macho. "Ningekisikia hiki," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. Nilisimamisha gari pembeni tukakaa.

Mjomba, nilikuita mwoga mbele za watu. Nisamehe. Ulikuwa umebeba mguu wa mtu, na mimi nilikupigia kelele kwa sababu ya mteja wa siku moja. Lakini niruhusu nikuambie na hili, maana sasa huwezi kunifukuza gereji: nawe ulikosea. Ungeniambia. Ningekuwa nimefikiria pamoja na wewe, na pengine king'ora kile tungekifunga miaka mingi iliyopita. Ulinifundisha kufungua kila kitu mpaka nati ya mwisho, kisha wewe ukajifunga. Nimekukasirikia na nimekulilia, yote kwa pamoja, na bado sijui lipi limeisha.

Habari za hapa ni hizi. Anania anaendesha pikapu na anakilaani king'ora, anakiita chako, kila anapoupanda ule mlima. Mama Yusta anakutaja kwa jina katika sala zake. Wiki iliyopita alikuja dereva akitaka swichi bila kelele. Nilimwambia kwetu swichi na king'ora haviachani. Akaondoka, nikamwacha aende.

Na Lameki amekubali kuja. Kuanzia mwezi ujao atakuwa hapa siku mbili kwa wiki, kwenye meza ya dirishani, kazi zote za umeme ni zake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: gari lolote nitakalolibadilisha loki halitatoka katika lango hili mpaka dereva wake ameketi na Lameki, ameelezwa naye jinsi mguu wake ulivyopotea, kisha wameenda lami pamoja na kurudi. Nisipokuwepo, atakayenirithi spana atalishika hilo.

Pumzika sasa, Mjomba. Jumamosi nitakwenda Ramadhani mimi.

Mpwa wako,
Eliza