Bluu ya Bastola ya Babu

Pikeville, Kentaki
3 Februari 1987

Dada Imogene,

Habari za Ohio? Sisi wazima, ukiacha goti langu. Mama mwili anao, akili ndiyo imetangulia. Jana kaniita kwa jina la marehemu baba, akanigombeza kwa kuchelewa kutoka mgodini.

Stroud, mnunuzi wa silaha za kale, ameiona bastola ya babu. Kavaa glavu nyeupe kama mkunga. "Verlin, hii rangi ya bluu ya kiwandani imeshika karibu yote, na thamani ni hiyo! Wengine huniletea chuma kitupu. Hii bado bibi harusi." Bei yake itamtunza Mama kwenye nyumba ya wazee ya hapahapa, karibu na kaburi la baba. Atarudi na fedha mwezi ujao. Kaniapisha nisifute hata vumbi.

Mdogo wako,
Verlin

Dayton, 11 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo na goti lako? Mimi mgongo tu. Futa pua, bastola iache. Wezi watasikia, wewe mdomo huna kifuniko. Iviringishe kwenye shuka, weka chini ya kitanda cha Mama. Nani atathubutu?

Dada yako

Pikeville, 9 Machi

Dada,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, sina la kujisifia.

Jumapili nimetoka kanisani, nyumba inanuka siki. Mama yuko mezani na waya wa kusugulia masufuria. Bastola kaitoa chini ya kitanda, nyeupe kama kijiko.

"Ilikuwa imechafuka, bluu tupu," kaniambia. "Baba yenu akirudi ataikuta safi. Mbona hunisifu?"

Nikamsifu.

Stroud kaja, katazama, kavua glavu. Nikamwuliza, tukiipaka rangi upya je? "Wanaonunua wataijua kabla hawajaishika. Maiti ukimpaka wanja hafufuki." Kaondoka bila kuinunua. Imebaki nyumba ya wazee ya serikali, upande wa pili wa jimbo.

Mdogo wako

Pikeville, 20 Aprili

Dada,

Mgongo unasemaje? Barua yangu ya Machi hujaijibu. Hakuna anayekulaumu kwa habari ya kitanda.

Jumatatu nilimpeleka Mama. Bastola hawakuiruhusu, nimerudi nayo. Mlangoni alimwonyesha muuguzi vidole vilivyochubuka: "Mume wangu akija, mwambieni kazi nimemaliza." Muuguzi akamwambia sawa, mama.

Simu nikipiga, haulizi habari zangu. Anauliza kama bado inang'aa.

Ukienda kumwona, dada, mwambie inang'aa.

Mdogo wako,
Verlin