Bikira Maria Amewekwa Baa

Fedora, nimetoka kule villa sasa hivi, lile jumba la zamani.

Nilipeleka mawaridi kupamba kanisa dogo la pale kwa rozari ya Mei, kama kila mwaka, hata baada ya jumba kugeuzwa hoteli. Nafungua mlango, namkuta mgeni amelala kifudifudi, taulo tu kiunoni, msichana anamkanda mgongo kwa mafuta. Kanisani, Fedora. Pale pale ulipofungia ndoa.

Nikaona sanamu haipo altareni, nikamuuliza meneja, "Bikira Maria yuko wapi?"

Akacheka. "Bibi, yuko baa. Wageni wanapenda kupiga naye picha."

Baa. Nikaenda, nikamkuta katikati ya chupa, amevishwa kofia ya ufukweni.

Nikamwambia, "Mama yako angekuona, angekuchapa na mwiko."

"Bibi, hii ni mali ya hoteli."

Nikaivua ile kofia, nikamvisha meneja. Sanamu nikaikumbatia. Yule msichana wa kukanda, Mungu ambariki, akakimbia kuizungushia taulo safi isije ikagongwa, akanifungulia mlango.

Sasa Bikira yuko jikoni kwangu, na mawaridi yake. Rozari ni hapa jioni hii. Waambie wote, kila mtu aje na kiti chake. Meneja akija kumdai, atapiga magoti kwanza.