Alama za Wino Nyongani mwa Mama

Mourine,

Uji umo katika chupa ya chai. Nimemrudisha mama yako hospitalini. Asubuhi shangazi yako Ayuma alimwogesha kwa upendo mwingi na sabuni nyingi zaidi, akazifuta zile alama za wino zinazoonyesha mahali pa kuelekeza mionzi nyongani. Alidhani ni uchafu. Itabidi zichorwe upya. Shangazi akirejea usimgombeze; ameondoka akilia.

Akikuuliza, mwambie kwamba mama ~~atapona~~ atapunguziwa maumivu. Saratani imekwisha kuingia mifupani, na mionzi haiahidi zaidi ya hapo. Mama analijua hilo. Anataka tu aweze kulala kwa ubavu, anitazame. Anachokitafuta katika uso huu sikijui, lakini tandika mashuka safi.

Baba yako