Nilimgawa Sili wa Mpwa Wangu kwa Jina Langu

Mpendwa Mama Ulipika, mshauri wetu wa redioni, naomba msaada kabla ndege haijatua. Jina langu usilitaje hewani, niite Mwindaji Hodari, jina ninalolistahili, maana ni mimi niliyemfokea dubu mweupe mpaka akarudi baharini kwa aibu, na pikipiki yangu ya theluji ilipozama niliivuta kwa meno, lakini hayo tuyaache, leo nina aibu mimi mwenyewe.

Mpwa wangu Aviaq, yule anayefanya kazi dukani, Jumapili watu wakiwa kanisani alikwenda peke yake kwenye barafu na bunduki niliyomwazima, akakaa juu ya tundu la barafu ambamo sili huibuka kupumua, saa nne bila kukohoa, akarudi na sili, sili wake wa kwanza maishani, akamweka barazani kwangu chini ya turubai akaniambia, “Anko, nitunzie, usimwambie mtu, namsubiri mama arudi kutoka hospitali ya kusini ndipo tumpasue, kipande cha kwanza kiende kwa aliyenikata kitovu, kama ilivyo desturi,” nami nikasema mwanangu, kwangu hata mbweha hagusi, na kweli mbweha hakugusa.

Sasa Jumanne upepo bado unavuma, ndege siku ya nne haijaja, dukani kumebaki biskuti na juisi, nami nawasikia wazee redioni wanalalamika njaa ya nyama, moyo ukaniuma, Mama, nakuapia ulianza kwa kuuma, nikapiga simu pale studio nikasema, “Jamani, nimeua sili, njooni kwangu na visu vyenu!” Nilidhani watakuja wawili watatu. Walikuja arobaini. Kina mama wakatandika kadibodi sakafuni, wakashika visu vyao, na mimi badala ya kusema ni wa nani nikawa nasimulia jinsi nilivyomvizia, na dubu nikamtia humo humo, na nilipomaliza dubu, sili alikuwa amebaki ngozi.

Ndipo Aviaq akaingia na aproni yake ya dukani. Wakamwambia, “Kula, binti, anko wako leo kaua!” Akatazama kadibodi, akachukua ubavu mmoja, akala taratibu, akasema, “Mtamu, Anko. Umelenga vizuri.” Akaenda. Kesho yake akanirudishia bunduki, eti hataihitaji tena. Dada yangu anarudi Ijumaa upepo ukitulia. Nifanyeje? Nilikuwa nafikiria niue sili mwingine nimweke pale pale chini ya turubai.

Mwindaji Hodari

JIBU

Mwindaji Hodari, jina umelificha, lakini barua umeniletea mwenyewe mkononi huku unatazama viatu vyako. Sawa, nimekuficha.

Kulisha watu hukukosea. Mama yangu mzazi hakutia kitu mdomoni siku mbili, biskuti hawezi kutafuna. Alikula ini lile akalala na mashavu yenye rangi. Kila ndege ikichelewa tunasema kijiji hakina chakula, wakati chakula kimejaa chini ya barafu, kinachopungua ni watu wa kukifuata. Tumempata mmoja, msichana anayeweza kutulia saa nne, na wewe umemrudisha kwenye biskuti. Huoni haya? Ungesema maneno mawili tu, “Ni wa Aviaq,” tungekula vile vile na kumpigia kelele za furaha mpaka madirisha yatikisike.

Halafu nani uliyemdanganya? Sili yule alikuwa na tundu moja la risasi, kichwani. Wa kwako, kaka yangu, huwa anafika kama chujio. Tulitazamana, tukaendelea kula, tulikuwa na njaa.

Huyo sili mwingine mwache baharini. Wa kwanza ni mmoja tu na ameshaliwa, usijaribu kumfufua. Ngozi niletee leo, usiioshe, nitaikwangua mwenyewe, iwe viatu vya Aviaq. Bunduki mrudishie, safari hii usimwazime, mpe. Pikipiki ijaze mafuta, umpeleke Aviaq barafuni, mama yake akiwa nyuma kwenye kigari cha kukokotwa, na ukifika huko ufunge mdomo, maana sili ana masikio.

Lakini kwanza kesho saa sita kamili uje studio. Useme sili alikuwa wa nani, aliuawa vipi, na umwombe radhi. Dubu asiwemo.

Na mimi nina langu. Aliyemkata kitovu binti yule ni mimi, unajua fika. Nimekula kipande changu nikikusifu wewe, nikaomba na cha pili. Kwa hiyo ukishamaliza kusema, nitapiga kelele yangu ya furaha pale pale kwenye maikrofoni, kwa siku mbili nilizochelewa.

Usichelewe, Taqtu. Samahani, Mwindaji Hodari. Saa hizo Aviaq yuko kaunta, na meneja wa duka nimeshamwambia aongeze sauti ya redio.